Nani Kawaambia Hawana Sauti?

Neno lenyewe mnalijua. Liko kwenye hotuba ya mgeni rasmi, liko kwenye bango la uzinduzi, liko mgongoni mwa fulana zinazogawiwa bure kabla ya chai: "Tunawapa vijana sauti." Mimi nasema hilo ni tusi. Limevaa tai, limechapwa kwa rangi nzuri, lakini ni tusi. Anayekupa sauti ameshaamua kwamba ulikuwa bubu mpaka yeye aliposhuka kwenye gari lake. Na siku mradi ukiisha anaondoka na gari na kinasa sauti chake, na wewe umo humo ndani ya kinasa sauti.

Ningeweza kuligomba jambo hili kwa mifano ya Temeke au Mathare. Lakini huko kila msomaji ana mfadhili wake kichwani na posho yake ambayo haijalipwa mpaka leo, tutaishia kutajiana majina. Wacha niwapeleke mbali, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayedai kitu: kaskazini ya Kanada, kwa Wainuit. Shuleni wengi tulifundishwa kuwaita Waeskimo, wanajenga nyumba za barafu, wanakula nyama mbichi, basi, mada imekwisha, fungueni ukurasa unaofuata. Hilo la Eskimo ni jina walilobandikwa. Wao hujiita Inuit, yaani watu, na mmoja wao ni Inuk (ile "wa" nimeiongeza mimi kwa mazoea ya lugha yetu, wanisamehe). Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu kama 70,000 hivi katika Kanada nzima. Temeke inaweza kuwameza wote na isishibe. Hata hivyo sidhani kama kuna watu wengi duniani ambao, kwa uchache wao, wamepimwa, wamepigwa picha, wamerekodiwa na kufanyiwa warsha kama hao.

Na kwa kuwa hili ni jarida la waandishi, tuanze na mwandishi.

Miaka ya 1950, katika kijiji cha Kangiqsujuaq, kaskazini ya Quebec, mapadre wamisionari walitaka kujifunza Kiinuktitut. Walimwendea mwanamke kijana, Mitiarjuk Nappaaluk, aliyezaliwa 1931, wakamwomba awaandikie sentensi zenye maneno mengi iwezekanavyo. Yaani walikuwa wanamtumia kama kamusi inayotembea. Mitiarjuk hakuwa na shule ya darasani, ila aliyajua maandishi ya silabi ambayo Wainuit huyatumia. Akakubali. Akaanza kuandika, na sentensi zikaanza kuwa na watu ndani yake: mjane anayeitwa Sanaaq, binti yake, majirani, mbwa, njaa, mume mpya, wazungu wanaoingia kidogo kidogo. Wao walitaka msamiati, yeye akawaandikia riwaya. Sanaaq ilichapwa kwa Kiinuktitut mwaka 1984, kwa Kifaransa 2002, kwa Kiingereza 2014. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita kati ya kalamu na kitabu, halafu mje mlalamike kwamba mhariri wetu anachelewa kujibu barua.

Sasa niambieni, hapo nani alimpa nani sauti? Kalamu na karatasi vilitoka kwa mapadre, sikatai. Sauti ilikuwepo siku zote. Kilichofanya kazi ile ikawa kubwa ni kwamba aliyeagizwa aliacha kutii agizo. Nauliza basi: katika hii miradi ya vijana na sanaa, iwe ya Kanada au ya hapa, kijana anayo nafasi ya kutotii? Akiletewa rangi na ukuta na "mada ya mwaka huu", anaweza kusema mada hii ni ya kijinga, mimi nitachora kitu kingine? Akisema hivyo, bado jina lake litakuwemo kwenye ripoti?

Twende Kinngait. Ramani za zamani zinapaita Cape Dorset. Ni kijiji cha kisiwani chenye watu kama 1,400, na hakuna barabara inayotoka huko kwenda popote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtu mmoja kutoka kusini, James Houston, alianzisha pale kazi ya kuchonga mchoro kwenye jiwe, kulipaka wino na kuchapa kwenye karatasi. Majaribio yalianza 1957. Houston mwenyewe akaenda Japani kujifunza ufundi kwa mabingwa wa kule, akarudi nao. Kwa hiyo hiyo sanaa inayouzwa leo kama pumzi safi ya barafu ilipita Japani kwanza. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Wale wanaotuambia tuandike "Kiafrika halisi" wangekaa wakaitafakari hiyo kwa kitambo. Ufundi unasafiri, ukifika unakuwa wa aliyeutumia.

Kinachonivutia mimi Kinngait ni daftari la hesabu. Mwaka 1959 wenyeji walikuwa na chama chao cha ushirika. Ushirika huo unamiliki karakana, unanunua michoro kutoka kwa wachoraji, unauza chapa kila mwaka, na pia unaendesha duka la vyakula. Unga, petroli na sanaa, vyote mali ya wanachama. Haukuja kwa miaka mitatu ukaaga kwa ngoma na keki. Wachoraji wamelipwa kwa kazi, siyo kwa "kushiriki". Na bibi wa kijijini aliyekuwa akichora mezani kwake, watoto wakicheza miguuni, aliweza kununua injini ya boti kwa michoro. Hiyo, wenzangu, ni sera ya utamaduni.

Lakini tusiimbe sifa mpaka tukasahau kesi. Kuanzia 1961 hadi 1989 lilikuwepo baraza huko kusini, wengi wa wajumbe wake si Wainuit, lililokaa kila mwaka kuamua chapa ipi inafaa kuingia sokoni na ipi haifai. Kuanzia 1958 serikali ya Kanada ilikuwa na alama yake, kakaratasi kenye picha ya nyumba ya barafu, ya kuthibitisha kwamba kazi fulani ni ya Mwinuit kweli. Alama hiyo ilikabidhiwa kwa taasisi ya sanaa ya Wainuit mwaka 2017. Karibu miaka 60! Fikirieni: karibu miaka 60 Mwinuit alithibitishwa kuwa Mwinuit na ofisi ya Ottawa.

Na fedha je? Kenojuak Ashevak, binti wa huko huko, alitoa mwaka 1960 chapa inayoitwa The Enchanted Owl. Ni bundi mwenye manyoya yaliyosambaa kama miale ya jua. (Bundi! Kwetu akilia juu ya paa watu hawalali. Kule ndiye aliyewalipia watu mafuta.) Zilitolewa nakala 50. Nakala iliuzwa kwa dola 24. Baadaye minadani nakala moja ya hizo hizo ilipita dola 150,000. Picha ile ikawekwa hata kwenye stempu ya posta mwaka 1970. Kenojuak alifariki 2013, mashuhuri kabisa, mwenye nishani. Ila kwa miaka yote hiyo sheria ya Kanada haikuwa na kifungu cha kumpa msanii hata senti moja kazi yake inapouzwa tena. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu 1920. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kuwa haiwezekani.

Mwamba mwingine mradi hugonga ni jina. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya Kanada iliwapa Wainuit namba. Majina yao yaliwashinda makarani, basi kila mtu akapewa kisahani kidogo chenye namba, cha kuvaa shingoni. Wazee wa Kenya hawahitaji maelezo zaidi. Kipande walikivaa wao katika kijaluba cha bati, shingoni vile vile, tangu miaka ya 1920. Sanamu nyingi za zamani za Wainuit zina namba hiyo chini, mahali pa sahihi ya msanii. Mwanamuziki Lucie Idlout aliipa albamu yake jina la E5-770, akaongeza kwamba hilo ni jina la mama yake. Nikisoma ripoti ya mradi wa leo iliyoandikwa "kijana wa kike, miaka 16, mshiriki", namkumbuka yule karani. Tunaambiwa ni kwa ajili ya kulinda faragha. Sawa, faragha ilindwe. Lakini mbona jina la mtafiti liko kwenye jalada?

Mwaka 2015 kampuni moja ya mavazi ya London ilitoa fulana nzito ya bei mbaya, zaidi ya dola 700. Mapambo yake yalikuwa yamechukuliwa mzima mzima kutoka kwenye koti la ngozi la mganga wa Igloolik wa zamani za kale. Kwa maelezo ya ukoo wake, zile alama za mikono kifuani zilikuwa kinga yake, aliziona katika maono. Koti lilikuwa limepigwa picha, picha ikaingia vitabuni, kutoka vitabuni ikaingia madukani. Kitukuu cha mganga akaona, akalalamika hadharani. Kampuni ikaomba radhi na kuliondoa sokoni. Hiyo ndiyo njia ambayo kila kilichorekodiwa "kwa ajili ya kuhifadhi utamaduni" kinaweza kuipita kama hakina mwenyewe anayejulikana. Mtafiti wa kwanza huenda alikuwa mtu mwema kabisa. Wema wake haukufunga mlango.

Nimemtaja mganga wa Igloolik, na hapo Igloolik ndipo ninapopapenda kuliko pote. Miaka ya 1970 kijiji hicho kilipigiwa kura suala la kuletewa televisheni. Wakakataa. Wakaulizwa tena, wakakataa tena, kwa sababu kwenye televisheni hiyo hapakuwa na neno hata moja la Kiinuktitut. Walikubali mwaka 1983, vilipokuwepo vipindi vya lugha yao. Jamani, kijiji cha watu wachache kimeiambia televisheni ya taifa kubwa ngoja kwanza! Na wakati kijiji bado hakina televisheni, mwaka 1981, mchongaji mmoja kijana, Zacharias Kunuk, alikwenda Montreal akauza sanamu zake, akanunua kamera ya video. Mwaka 1990 yeye na wenzake Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn walianzisha kampuni ya filamu, Isuma. Filamu yao Atanarjuat, iliyochezwa yote kwa Kiinuktitut, ilipata tuzo ya filamu ya kwanza bora huko Cannes mwaka 2001. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika kwa madeni. Sifichi hilo. Lakini walifilisika wao, kwa mali yao, wakainuka tena, na 2019 walikuwa Venice wakiiwakilisha Kanada. Mradi haufilisiki, unafungwa tu.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wapinzani wangu huiweka mbele kama ngao. Wanasema: vijana wa Kiinuit wanajiua kwa kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha Wakanada wengine, sanaa inawaokoa, wewe unakaa hapo unahesabu senti na majina. Hoja ni nzito na siifanyii mzaha. Igloolik huko huko, mwaka 1998, baada ya vijana kujiua, kilianzishwa kikundi cha sarakasi, Artcirq. Mmoja wa waanzilishi wake ni Guillaume Saladin, mtoto wa mwanaanthropolojia Bernard Saladin d'Anglure, yule yule aliyesaidia riwaya ya Mitiarjuk kufika mitamboni. Baba alikuja kutafiti, mwana akakulia sehemu ya utoto wake pale na akarudi kuishi. Si kila mgeni anakuja na kuondoka. Kikundi hicho kimefika mbali: kilishirikiana na Kalabanté, wanasarakasi wa Conakry nchini Guinea walioongozwa na Yamoussa Bangoura, na urafiki wao ukatolewa filamu, Circus Without Borders. Vijana wa barafu na vijana wa Guinea wakibebana mabegani. Hapo nilifurahi, nakiri.

Lakini tazameni inavyotumika hoja hiyo na wasio Artcirq. Kijana wa Paris akichora anaitwa mchoraji anayechipukia. Kijana wa Kinngait akichora anaitwa kijana aliye hatarini. Mchoro wa huyu wa kwanza unatazamwa: mstari vipi, rangi vipi, kashindwa wapi. Mchoro wa wa pili unahesabiwa. Walihudhuria 14, walitabasamu 12. Hakuna aliyeusoma. Nayo sanaa inayosamehewa kila kitu kwa kuwa ni dawa, haikui, kwa sababu hakuna anayeigomba. Tena hao Wainuit wenyewe wamesema wazi chanzo. Mkakati wa kuzuia kujiua uliotolewa mwaka 2016 na jumuiya yao ya taifa, Inuit Tapiriit Kanatami, unataja msongamano ndani ya nyumba, ukosefu wa chakula, majeraha ya historia, huduma duni. Vifaa vya kuchorea havipanui nyumba. Anayegawa penseli asijitie kuwa amejenga.

Na kama mnadhani sanaa peke yake inamwokoa mtu, msome habari za Annie Pootoogook. Alizaliwa Kinngait mwaka 1969. Bibi yake Pitseolak Ashoona na mama yake Napachie wote walikuwa wachoraji wa ushirika. Wanunuzi wa kusini walizoea bundi na dubu. Annie alichora jiko lake. Alichora watu wamekaa sakafuni wanakula nyama huku televisheni imewashwa, alichora watu wanaangalia kipindi cha Jerry Springer, alichora mwanamume anampiga mwanamke. Penseli za rangi, mistari mikavu, saa ukutani, hakuna machozi yaliyoongezwa. Mwaka 2006 alipata tuzo kubwa ya sanaa ya Kanada, ya Sobey, na 2007 kazi zake zilikuwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta. Alihamia kusini. Miaka ya mwisho alionekana Ottawa akiuza michoro mtaani kwa bei ya kutupa. Septemba 2016 mwili wake ulikutwa katika mto Rideau. Alikuwa na miaka 47. Polisi mmoja wa mji huo aliandika hadharani maneno ya kibaguzi kuhusu kifo hicho, akashushwa cheo. Kwa muda tu.

Sauti alikuwa nayo Annie, kubwa kuliko ya wengi wetu. Kila mtu aliisikia. Alichokosa ni mahali pa kulala, na hicho hakimo katika lugha ya miradi.

Kuna watakaosema, haya, tufanyeje basi, tusiwe na mradi wowote? Hapana, bwana. Wainuit wameshajibu, tena kwa maandishi. Mwaka 2018 jumuiya yao hiyo ya taifa ilitoa mkakati wa utafiti: Wainuit wawe na kauli kwenye fedha za utafiti, wamiliki taarifa zinazokusanywa kwao, watafiti wao wenyewe wasomeshwe. Na huko Nunavut, eneo lililopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999, mtafiti haruhusiwi kuanza bila kibali cha taasisi ya utafiti ya hapo Iqaluit. Anaomba, anaeleza, anasubiri. Wapo wanaonung'unika kwamba inachelewesha kazi. Inacheleweshwa, ndiyo. Mlangoni pa mtu huwa tunabisha hodi na kusubiri, hata kama tumebeba zawadi.

Tunda mojawapo la mwendo huo ni mradi unaoitwa Inuit Futures, ulioanza 2018 chini ya Heather Igloliorte, yeye mwenyewe Mwinuit wa Nunatsiavut. Lengo halikuwa kuwachoresha vijana. Lilikuwa kuwafundisha kazi za ofisini na ghalani: kupanga maonyesho, kuandika maelezo, kutunza mikusanyo, kuongoza majumba ya sanaa. Kazi za wenye funguo. Jumba la Qaumajuq lilipofunguliwa Winnipeg mwaka 2021, lenye hazina ya maelfu kwa maelfu ya kazi za Wainuit, maonyesho ya kwanza, INUA, yalipangwa na Wainuit wanne. Miaka 60 nyuma wangekuwa na namba shingoni.

Ila bado. Kuanzia karibu mwaka 1990 ushirika wa Kinngait ulipeleka makumi ya maelfu ya michoro yake kuhifadhiwa katika jumba la McMichael, Kleinburg, karibu na Toronto. Sababu zilieleweka, kijijini hapakuwa na ghala salama dhidi ya moto na unyevu. Ni mkopo wa muda mrefu, karatasi zinasema mali ni ya ushirika, na michoro mingi imeshapigwa picha ili ionekane kwenye kompyuta. Tangu 2018 Kinngait ina jengo jipya la sanaa lenye jina la Kenojuak, karakana ya kisasa na ukumbi wa maonyesho. Lakini kijana wa hapo anayetaka kuiona kwa macho karatasi aliyoiegemea bibi yake, alama ya kiganja na yote, lazima apande ndege, abadilishe ndege nyingine, alale Toronto kwa mtu, ndipo aombe miadi. Nauli hiyo iingizwe kwenye bajeti, kifungu cha kwanza.